Tahadhari: Karatasi ya Fizikia Inayosambazwa Simuni

Kama una mtoto wa kidato cha nne hapa Kitengela, au Isinya, Kajiado mjini, Bissil, Namanga, keti naye leo jioni kabla hajalala na umwombe akuonyeshe makundi aliyomo kwenye Telegram na WhatsApp. Usimgombeze. Unachotafuta ni faili linalodaiwa kuwa karatasi ya kwanza ya fizikia ya KCSE, ile ya nambari 232/1, likiwa na majibu yake. Linauzwa, linagawanwa, linarushwa kutoka simu hadi simu, na kadiri mtihani unavyokaribia ndivyo linavyozidi kuenea. Likimfikia mwanao naye akaliamini, atapoteza alama. Akilipeleka mbele, anaweza kupoteza matokeo yote, na kuwapotezea wenzake ambao hawakuwahi kuligusa.

Mtahiniwa mmoja alinionyesha lake, akiwa na hakika kabisa kwamba ni la kweli. Alikuwa amechanga pesa na wenzake kulinunua. Kwenye ukurasa wa kwanza mwaka wa mtihani umeandikwa kwa herufi nzito kuliko maandishi yaliyo kando yake, dalili kwamba ulibandikwa juu ya mwaka mwingine. Maswali ni mchanganyiko wa karatasi za miaka iliyopita na mazoezi ya vitabuni. Hayo yangekuwa hasara ya pesa tu. Kilichonitia hofu ni majibu, hasa ya maswali ya joto na gesi.

Swali moja linahusu tairi la lori. Asubuhi, hewa iliyomo ndani ina halijoto ya digrii 27 za Selsiasi na presha ya kilopaskali 800. Mchana, baada ya safari, halijoto imefika digrii 57. Ujazo haujabadilika. Tafuta presha mpya. Muuzaji ameandika: 800 mara 57, gawanya kwa 27, jibu ni 1,689. Mbele yake kuna alama ya vema, na chini maandishi yanayosema majibu yote yamehakikiwa na watahini.

Jibu hilo ni la uongo. Sheria za gesi hazianzi kuhesabu pale Selsiasi inapoanzia. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, na hewa iliyo ndani ya tairi haina habari na kuganda kwa maji. Molekuli zake huendelea kukimbia na kugonga kuta hata kwenye baridi kali. Presha yake ingefikia sifuri tu karibu na digrii 273 chini ya sifuri, na hapo ndipo kipimo cha Kelvini kinapoanzia. Kwa hiyo 27 ni Kelvini 300, na 57 ni Kelvini 330. Kutoka 300 hadi 330 ni ongezeko la sehemu moja ya kumi. Presha nayo inapanda sehemu moja ya kumi, kutoka 800 hadi 880. Basi, swali limekwisha.

Mtoto aliyeielewa mada angelishuku lile jibu la kwanza hata bila kikokotoo. Presha ya 1,689 ni zaidi ya maradufu ya ile ya asubuhi. Malori ya saruji hutoka Athi River kila siku, yakapita hapa katikati ya mji na kushika barabara ya Namanga jua likiwa utosini. Kama presha ya tairi ingepanda maradufu kila mchana kwa sababu ya ongezeko la digrii 30 tu, tungehesabu matairi yaliyopasuka kuanzia Kitengela hadi Kisaju. Fizikia ya joto inampa mwanafunzi njia nyingi za kujikagua namna hii, na ndiyo maana aliyekariri hunaswa upesi kuliko katika mada nyingine.

Sasa weka 1,689 kichwani mwa nusu ya darasa.

Swali likija na namba nyingine, hawataweza kulijibu, kwa sababu hawakujifunza lolote. Likija na namba hizo hizo, jambo linaloweza kutokea maana maswali ya namna hii yamejaa vitabuni, watahiniwa wengi wa kituo kimoja wataandika jibu lile lile lisilo sahihi, kwa hatua zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mtahini anayesahihisha ameona maelfu ya karatasi. Makosa ya kawaida ya wanafunzi hutawanyika: mmoja anasahau kubadilisha halijoto, mwingine anageuza sehemu juu chini, mwingine anaandika vizuri kisha anakosea kuzidisha. Kosa moja likijirudia dawati kwa dawati bila kubadilika hata herufi, kituo kinatiliwa shaka. KNEC huzuia matokeo ya kituo kinachochunguzwa, na wanaozuiliwa ni pamoja na yule msichana aliyekesha na vitabu vyake na hata simu hana.

Haya yamewahi kutupata kama nchi. Baada ya KCSE ya 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu na marehemu Profesa George Magoha akiwa mwenyekiti wa KNEC, milango ilifungwa: makontena ya kuhifadhia karatasi yakawekewa ulinzi mkali, na walimu wakuu wakafanywa wasimamizi wanaowajibika wenyewe. Idadi ya waliopata A nchi nzima ilishuka kutoka zaidi ya 2,500 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Kila mzazi atulie na kuifikiria namba hiyo. Wapo waliokuwa wameacha kusoma kwa sababu waliahidiwa karatasi, na mwaka huo karatasi haikuja.

Tangu hapo ulinzi umeongezwa. Karatasi za asubuhi na za alasiri huchukuliwa kwenye makontena kwa nyakati tofauti siku hiyo hiyo, na mwaka 2025 KNEC ilianza kuchapa jina na nambari ya mtahiniwa kwenye karatasi ya maswali. Sisemi kwamba hakuna mtu anayewahi kupiga picha karatasi baada ya kontena kufunguliwa. Visa vya aina hiyo vimeripotiwa, na watu wamekamatwa. Lakini hicho ni kitu cha saa chache asubuhi ya mtihani wenyewe. Anayekuuzia karatasi ya fizikia wiki kadhaa kabla ya siku yake anakuuzia hewa.

Inafaa tuelewe ujanja wao unavyofanya kazi, kwa sababu vijana wetu ni werevu na wananiambia, "Mwalimu, lakini ile ya juzi ilitokea kweli, tuliiona na tarehe." Hii ndiyo inayowashika wengi. Telegram humruhusu mwenye chaneli kuhariri ujumbe wake wa zamani na kubadilisha faili au picha iliyomo, huku tarehe ya kwanza ikibaki pale pale. Siku tatu kabla ya mtihani anatuma karatasi yoyote, hata ya chekechea. Mtihani ukishaanza, picha za karatasi halisi zikianza kuzagaa, anarudi kwenye ujumbe ule wa zamani, anaondoa takataka yake na kuweka karatasi ya kweli. Jioni watahiniwa wanafungua chaneli na kukuta karatasi waliyoifanya asubuhi, ikiwa na tarehe ya siku tatu nyuma. Kuna alama ndogo inayoonyesha kwamba ujumbe umehaririwa, na wachache huiangalia. Kesho yake bei inapanda.

Ujanja wa kuchezea tarehe umewahi kuangusha hata mtihani wa taifa kubwa. India ilifanya mtihani wa UGC-NET, wa kuchuja wanaotaka kuwa wahadhiri, tarehe 18 Juni 2024. Zaidi ya watu 900,000 waliukalia. Siku iliyofuata ukafutwa, kwa sababu picha ya karatasi ilionekana Telegram ikidaiwa kuvuja kabla. Wapelelezi wa CBI walipochunguza, waligundua kwamba picha ilichezewa ionekane ya mapema kuliko ilivyokuwa. Watu wote hao walilazimika kusubiri na kujiandaa upya kwa sababu ya tarehe ya bandia.

Kuna mbinu nyingine ya bei rahisi zaidi. Mtu anagawa wateja wake mafungu, kila fungu linapata "karatasi" tofauti yenye maswali ya kubahatisha. Baada ya mtihani, fungu ambalo maswali yake mawili au matatu yalikaribiana na ya kweli hubaki likimsifu, na sifa hizo ndizo anazozitumia kama ushahidi kwa mtihani unaofuata. Waliolaghaiwa huondolewa kwenye kundi, hivyo hakuna anayewasikia. Mwenye kuyaendesha haya hahitaji kuijua fizikia, na lile jibu la tairi linaonyesha kwamba haijui. Pengine hajui hata Kajiado iko wapi. Anachohitaji ni nambari ya kupokea pesa na hofu ya mtoto wako.

Hofu hiyo nayo ina chanzo chake, na si haki kuwalaumu watoto kama kwamba ni uvivu tu. Karatasi ya kwanza ya fizikia inabeba mekanika na joto. Upanuzi wa vitu kwa joto na namna joto linavyosafiri hufundishwa kidato cha kwanza, kisha mada zinakaa. Kiasi cha joto na sheria za gesi huja kidato cha tatu, baada ya mada nyingi ndefu, wakati mwalimu anakimbizana na silabasi. Huku kwetu Kajiado kuna shule ambazo kipimajoto kinachofanya kazi ni kimoja kwa darasa zima. Ukame wa muda mrefu ukiingia, kuna wanafunzi wa familia za wafugaji ambao karo yao imekufa malishoni pamoja na mifugo, wanatumwa nyumbani, na wakirudi mada imeshapita. Kitengela kwenyewe shida inakuja kwa sura nyingine. Mama anatoka alfajiri kwenda kiwandani EPZ, anarudi usiku, na mtoto amebaki na simu na tuisheni ya pesa nyingi inayompa fomula bila maelezo.

Juu ya hayo kuna ushindani. C+ ndiyo alama ya wastani ya kuingia shahada, na mtoto anayetaka uhandisi anajua vyuo vingi vitamtaka awe na angalau C+ katika hisabati, fizikia na kemia kila moja, kisha KUCCPS impange kwa pointi akishindana na nchi nzima. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Maneno "nafasi ya mwisho" ni mtaji kwa walaghai, na tutayasikia sana.

Lakini zile mada mbili za kidato cha tatu, kiasi cha joto na sheria za gesi, ni miongoni mwa zile ambazo mwanafunzi wa kawaida anaweza kuzishika katika wiki zilizobaki, akiacha kukariri. Nalisema hili kwa dhati kwa sababu wengi wameamua kuziruka kabisa, na kuziruka ndiko kunakowasukuma kwa muuzaji. Vifaa vingi vya kuzielewa viko jikoni.

Chukua birika la umeme. Geuza chini yake kabla ya kulitia maji, usome nguvu yake kwa wati. Tuseme ni wati 2,000. Tia lita moja ya maji ya bomba yenye digrii 20. Kila kilo ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande digrii moja. Hapa Kitengela maji huchemka karibu na digrii 95, nitaeleza kwa nini, kwa hiyo yanapaswa kupanda digrii 75. Zidisha: jouli 315,000. Birika linatoa jouli 2,000 kila sekunde, basi lingehitaji sekunde 157 na kidogo. Sasa pima kwa saa ya simu. Utapata zaidi. Kwa nini? Birika lenyewe limepashwa moto, hewa imechukua sehemu yake, mvuke umetoroka kabla ya maji yote kuchemka. Mwanafunzi akiweza kuandika sentensi hizo tatu kwa maneno yake mwenyewe, ameshapata kile ambacho maswali ya majaribio huuliza mwishoni: sababu za tofauti kati ya hesabu na kipimo. Hakuna faili la kununua litakalompa hilo, kwa sababu swali litabadilisha chombo, litabadilisha kimiminika, na yeye bado atalijua.

Kuhusu ile digrii 95. Vitabu vinasema maji huchemka kwa digrii 100, na ni kweli kwa Mombasa, penye usawa wa bahari. Kitengela tuko mita 1,500 hivi juu. Hewa iliyo juu yetu ni chache zaidi, inakandamiza kwa kilopaskali 84 au 85 badala ya 101, na maji yanapata urahisi wa kugeuka mvuke. Ndiyo maana githeri yetu inachelewa kuiva kuliko ya Pwani hata moto ukiwa mkali, na ndiyo maana sufuria ya presha inaokoa makaa. Ukiteremka Magadi, bondeni, unarudi karibu na 98. Nimeona daftari za majaribio za wanafunzi wa huku ambamo kipimajoto kilisoma 95, mwanafunzi akaifuta namba hiyo na kuandika 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Alikuwa na jibu sahihi mkononi akaliacha. Mtahiniwa, andika ulichokisoma. Kisha, ukiulizwa, eleza.

Hewa hiyo hiyo inatega mtego kwenye swali la tairi. Fundi wa matairi pale Noonkopir akikupimia presha, kipimo chake kinaonyesha ziada iliyo juu ya presha ya nje. Sheria za gesi zinataka presha yote. Swali likisema kipimo kimesoma kiasi fulani, ongeza presha ya hewa kwanza, hesabu, kisha uiondoe mwishoni ukiombwa usomaji wa kipimo. Wengi hupoteza alama hapa hata baada ya kukumbuka Kelvini.

Joto fiche ndilo linalowachanganya zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Maji yakianza kuchemka, kipimajoto kinasimama ingawa moto unaendelea kuwaka. Joto linaingia, digrii hazipandi. Linakwenda kuzitenganisha molekuli ili maji yawe mvuke, na ni jingi: kilo moja ya maji yanayochemka inahitaji jouli kama 2,260,000 ili iishe yote kuwa mvuke. Lilinganishe na zile 315,000 za kuyafikisha kwenye kuchemka. Ni zaidi ya mara saba. Mvuke ukigusa ngozi unageuka kuwa maji tena na kulirudisha joto lote hilo. Gramu 10 za mvuke wa digrii 95 zikigeuka maji zinatoa jouli 22,600. Kisha maji hayo yakipoa hadi digrii 35 za ngozi, yanatoa jouli 2,520 zaidi. Jumla 25,120. Gramu 10 za maji ya moto ya digrii 95 zingetoa zile 2,520 tu. Mama yeyote aliyefunua sufuria vibaya anaijua tofauti hiyo bila hesabu. Katika mtihani, kosa la kawaida ni kuishia hatua ya kwanza, mtu akasahau kwamba maji yaliyotokana na mvuke nayo yanapoa. Gawanya safari ya joto katika hatua, iandike kila hatua kwenye mstari wake, ndipo ujumlishe.

Upanuzi nao tunao hapa hapa. Kwenye karakana ya Kitengela Hot Glass, pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, vioo kuukuu huyeyushwa na kupulizwa vikawa glasi na mapambo. Kazi kubwa ni kuvipooza polepole ndani ya tanuri, kwa sababu nje ikisinyaa kwa kasi kuliko ndani, kioo hupasuka. Swali la glasi nene inayopasuka ikimiminiwa maji ya moto ni hilo hilo.

Ninapowahimiza watoto kujaribu nyumbani, lazima niwaonye pia, kwa sababu nimesikia mambo yanayofanywa. Usipashe moto chombo chochote kilichofungwa, iwe mkebe wa dawa ya mbu, chupa iliyozibwa au mtungi wa gesi, kwa kisingizio cha kuzijaribu sheria za gesi. Ujazo haubadiliki, presha inapanda, chombo kinapasuka. Usikivunje kipimajoto cha zamani chenye zebaki wala kuichezea zebaki yake. Mvuke wake ni sumu. Na usidurusu usiku na jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inauma, najua, lakini makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo humfanya mtu asinzie na asiamke tena. Toa jiko nje. Vaa sweta mbili.

Nirudi kwa muuzaji, maana yeye hangoji. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 haichezi na hili. Mtu anayepata karatasi ya mtihani kinyume cha sheria na kuifichua anaweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 2, au vyote viwili. Anayeuza karatasi bandia naye anakabiliwa na mashtaka ya ulaghai. Kijana wa miaka 18 anayeongoza kundi la WhatsApp la darasa, akikusanya michango ya wenzake na kuwatumia faili, huenda akajiona anasaidia. Polisi watamwona kama msambazaji. Jina na nambari yake vimo kwenye kila ujumbe, na risiti za M-Pesa zina saa na dakika. Muuzaji anayajua hayo. Mtoto akishalipa mara ya kwanza, anaweza kuombwa pesa za nywila ya kufungulia faili, kisha pesa za karatasi ya pili, kisha pesa za kunyamaza asiripotiwe shuleni.

Walimu wenzangu, kuna jambo linalotuhusu sisi. Tukiwagawia watoto kurasa za maswali tuliyoyabahatisha na kuwanong'oneza kwamba "haya yatakuja", tunawazoesha kuamini kwamba mtihani una mlango wa nyuma. Anayetoka darasani na imani hiyo hana sababu ya kumshuku mtu wa Telegram. Tuseme wazi kwamba ni mazoezi. Na maabara ifunguliwe Jumamosi, hata kwa saa mbili, ili wale wa kipimajoto kimoja kwa darasa wapate zamu ya kukishika kabla ya karatasi ya vitendo, 232/3.

Wewe ambaye umeshalipa, bado hujachelewa. Usitume pesa nyingine, hata ukitishwa. Usilipeleke faili kwa mtu yeyote, wala kwa rafiki wa shule nyingine anayekusihi. Piga picha skrini ya mazungumzo, nambari iliyopokea pesa na ujumbe wa M-Pesa, kisha ulifute faili lenyewe na utoke kwenye kundi. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, naye aende nawe kituo cha polisi au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuripoti. Kama ulikuwa umeyakariri majibu yale, chukua daftari, lianze swali la tairi upya kwa Kelvini, na ufanye mengine ya aina hiyo kutoka kitabu chako cha kidato cha tatu hadi mkono uandike 273 bila kukumbushwa. Mzazi, mtoto akikujia na habari hii, msikilize hadi mwisho kabla hujauliza ni pesa ngapi.